Sura ya Tano: Je, Mtu wa Kawaida Anaweza Kumaliza Kilomita 21?

Kila Kilimanjaro Marathon inapokaribia, swali moja huulizwa mjini Moshi, kuanzia vibaraza vya Majengo hadi kwenye mitumba ya Kiboriloni: mtu asiye mwanariadha, anayeshinda dukani, kwenye cherehani au juu ya bodaboda, anaweza kukimbia kilomita 21 akafika salama? Kwa watu wengi wenye afya jibu ni ndiyo, ilimradi wajipe miezi minne ya maandalizi. Wanaokwama njiani mara nyingi hawana miguu dhaifu. Wamekwama kwa sababu walianza kwa kasi isiyo yao.

Mbio zenyewe

Kilimanjaro Marathon imekuwa ikifanyika Moshi tangu mwaka 2003, Jumapili ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Huanzia na kuishia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Siku hiyo hukimbiwa mbio za aina tatu. Ya kwanza ni marathoni yenyewe, kilomita 42 na mita 195, urefu uliotumika kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 na kufanywa kipimo rasmi cha dunia mwaka 1921. Ya pili ni nusu marathoni, ambayo mitaani huitwa tu "kilomita 21". Ya tatu ni kilomita 5 za kujifurahisha, ambazo wazazi hukimbia na watoto wao na wafanyakazi wa ofisi moja hukimbia kwa kundi.

Mkimbiaji wa ridhaa ni yule anayekimbia kwa kupenda, asiyetegemea mbio kwa riziki. Ni yeye anayeijaza barabara. Mbele yake wapo wanariadha wa Tanzania na Kenya wanaogombea fedha za ushindi, na hao humaliza nusu marathoni kwa saa moja na dakika chache. Mkimbiaji wa ridhaa hutumia saa mbili, mbili na nusu, hata tatu. Kwa hiyo kwenye lami moja hufanyika mashindano mawili tofauti, na kosa la kwanza la mgeni ni kudhani yumo kwenye lile la mbele.

Hesabu ya muda ni rahisi na inafaa kujulikana mapema. Anayekimbia kila kilomita kwa dakika 6 atamaliza kilomita 21 kwa saa 2 na dakika 7 hivi. Kwa dakika 7 atatumia karibu saa 2 na dakika 28. Kwa dakika 8, ambao ni mwendo wa kukimbia polepole na kutembea kidogo kwenye miinuko, atatumia karibu saa 2 na dakika 49. Muda wowote kati ya hiyo ni wa heshima kwa mtu aliyekimbia nusu marathoni kwa mara ya kwanza.

Mji ulioinama

Moshi umejengwa chini kabisa ya mteremko wa Kilimanjaro, kati ya mita 800 na 900 na ushee juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Majengo kwenda kusini, kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, anakuta ardhi tambarare. Akielekea kaskazini, kupitia Shanty Town au njia ya hospitali ya KCMC, barabara inapanda, na inaendelea kupanda hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya Wachaga. Mwinuko huo hauonekani sana kwa macho, lakini mapafu huutambua mara moja.

Nusu marathoni hufuata mwinuko huo. Kutoka uwanjani wakimbiaji hukwea barabara ya kuelekea Mweka kwa takriban kilomita kumi, kisha hugeuka na kushuka hadi mwisho. Wa marathoni kamili huanza na kipande cha tambarare, ikiwemo barabara ya Dar es Salaam, na wanapokuwa wamekwisha kukimbia karibu nusu ya safari ndipo huanza kupanda Mweka, jua likiwa limekwisha kutoka. Mpando huo ni wa karibu mita 300. Kwa mtu wa kilo 65, kuupandisha mwili mita 300 hugharimu nguvu inayokaribia ile ya kukimbia kilomita mbili na nusu hadi tatu za tambarare. Sehemu ya nguvu hiyo hurudi kwenye mteremko, wala si yote. Ndiyo maana muda ambao mtu ameupata kwenye barabara za Dar es Salaam hauhamishiki Moshi kama ulivyo.

Kimo nacho kina sehemu yake, ingawa watu hukikuza kupita kiasi. Kwenye mita 900 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, hivyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kidogo. Mkazi wa Majengo amekwisha kuzoea. Mgeni kutoka Tanga au Zanzibar atahisi pumzi fupi kwenye mpando, na dawa yake ni kupunguza mwendo tu. Hapa si Mexico City, jiji lililo kwenye mita 2,240, ambako John Stephen Akhwari aliiwakilisha Tanzania kwenye marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968. Siku ile walianza watu 75 na wakamaliza 57. Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti, alikuwa wa 57.

Jambo linalostahili kuogopwa zaidi kuliko kimo ni joto. Februari ni mwezi wa jua kali Moshi. Mchana kipimajoto hupita nyuzi 30. Ndiyo sababu mbio huanza asubuhi na mapema. Mkimbiaji wa saa tatu hana bahati ya mkimbiaji wa saa moja, kwa sababu saa yake ya mwisho ndiyo ya moto zaidi. Mwili huchukua kati ya siku kumi na wiki mbili kuzoea kukimbia kwenye joto: jasho huanza kutoka mapema na moyo hupiga kwa utulivu zaidi. Anayefanya mazoezi alfajiri tu, kiza kikiwa bado, anapaswa kukimbia mara chache saa mbili au saa tatu asubuhi katika wiki za mwisho.

Kwa ufupi: nusu marathoni ya Moshi ni nusu ya kwanza ya kupanda na nusu ya pili ya kushuka, ndani ya joto linaloongezeka. Mpango wowote wa maandalizi usiozingatia mambo haya ni mpango wa mji mwingine.

Chakula kilicho ndani ya misuli

Mwili wa mkimbiaji hutumia nishati ya aina mbili. Ya kwanza ni mafuta, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha kwa siku kadhaa. Ya pili ni sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, inayoitwa glaikojeni. Hii huwaka haraka na huendesha mwendo wa kasi, lakini ghala lake ni dogo.

Nishati hupimwa kwa kalori, kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Kwa makadirio ya kawaida, kukimbia kilomita moja hutumia kalori moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 hutumia kalori 70 kwa kilomita, karibu 1,480 kwa nusu marathoni na karibu 2,950 kwa marathoni kamili. Glaikojeni ya mtu aliyekula vizuri inaweza kutoa kati ya kalori 1,600 na 2,000.

Tarakimu hizi zinajibu nusu ya swali la sura hii. Kilomita 21 zinaingia ndani ya ghala. Kilomita 42 hazimo, na ndiyo maana wakimbiaji wa marathoni huzungumzia kwa hofu kilomita ya 30, mahali ambapo sukari humalizika, miguu huwa mizito na hata fikra hupungua. Mkimbiaji wa ridhaa anayechagua nusu marathoni anachagua umbali ambao mwili wake unaweza kuumudu kwa akiba yake mwenyewe, akiongeza sukari kidogo njiani.

Kuna sharti moja. Mtu anapokimbia taratibu, mafuta huchangia sehemu kubwa ya nishati na sukari hutunzwa. Anapokimbia kwa kasi hadi kuhema, mwili huacha mafuta na kula sukari kwa pupa. Asiye na mazoezi hufika kwenye hali hiyo mapema zaidi. Aliyeruka na kundi la mbele kwenye kilomita tatu za kwanza, huku njia ikipanda, anaweza kuwa amekula sehemu kubwa ya akiba yake kabla ya kugeuka Mweka.

Kasi ya kuimba

Basi mtu atajuaje kasi yake? Saa za kisasa za mkononi hupima mapigo ya moyo na mwendo kwa kila kilomita, na mwenye nayo aitumie. Asiye nayo hajapungukiwa na kitu cha lazima. Kipimo bora cha mkimbiaji wa ridhaa ni sauti yake. Akiweza kusema sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi, yuko kwenye mwendo sahihi wa mazoezi. Akitoa maneno mawili-mawili, amezidisha. Akishindwa kabisa kusema, yuko kwenye mwendo ambao atauweza kwa dakika chache tu.

Watanzania wengi wamefundishwa kipimo hiki utotoni bila kuambiwa jina lake. Mchakamchaka wa shule za msingi, ule wa asubuhi kabla ya darasa, huongozwa na mmoja anayeimba na wengine wanaoitikia. Vikundi vya jogging vya siku hizi, kutoka Moshi hadi Zanzibar, vimeuendeleza utaratibu huo. Faida yake ni kubwa kuliko uchangamfu. Kundi linaloitikia wimbo haliwezi kukimbia kwa kasi kuliko pumzi ya wanaoitikia, na miguu inafuata mdundo mmoja. Kwa anayeanza, kujiunga na kikundi cha namna hii kunafaa kuliko kununua kifaa chochote.

Mwanzoni mwendo huo huonekana wa aibu. Vijana hupita wakicheka, na mama aliyebeba ndoo karibu amfikie mkimbiaji. Uvumilivu wa hatua hii ndio unaojenga kila kitu: moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na mifupa na kano hupata muda wa kuimarika. Kano ni kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Moyo na mapafu hubadilika ndani ya wiki chache, kano huchukua miezi. Pengo hilo ndilo linaloumiza watu, kwa sababu mwezi wa pili pumzi inaruhusu mbio ambazo kano za kisigino bado haziwezi kuzibeba.

Hata kwa mabingwa, kujizuia ni ufundi. Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia jijini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano hayo, aliingia uwanjani akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani na kumpita kwenye mstari wenyewe. Wote wawili waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Kilomita 42 zilikwisha huku akiwa bado na kitu mkononi.

Miezi minne, kuanzia Novemba

Wiki 16 zinamtosha mtu mwenye afya anayeweza kutembea saa moja bila taabu. Kwa mbio za mwisho wa Februari, hesabu hiyo inaanzia mwanzoni mwa Novemba. Siku tatu za kukimbia kwa wiki zinatosha. Nyingine ni za kupumzika au kutembea.

- Jumanne: dakika 30 hadi 40 kwa mwendo wa kuimba, kwenye tambarare.
- Alhamisi: mpando. Baada ya kupasha misuli kwa dakika kumi, mkimbiaji hupanda kwa dakika mbili, hushuka akitembea, kisha hurudia. Aanze na mara nne, afike mara nane.
- Jumamosi au Jumapili: mbio ndefu ya wiki.

Asiyewahi kukimbia aanze kwa kuchanganya: dakika nne za kutembea, moja ya kukimbia, na kila wiki apunguze ya kwanza na kuongeza ya pili. Mbio ndefu huanza na kilomita 5 na kuongezeka kwa kilomita moja au moja na nusu kila wiki. Kila wiki ya nne hupunguzwa ili mwili utengeneze palipochoka. Kufikia wiki ya 14 mkimbiaji awe amekimbia kilomita 17 au 18. Hakuna haja ya kufikia 21 kabla ya siku yenyewe. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza, na wengi hukosea hapa: wakihisi wepesi wa miguu, hufanya mazoezi makali ya mwisho "ya kujipima", nayo huwachosha bila kuwajenga.

Kalenda ya Kilimanjaro ina vikwazo viwili. Cha kwanza ni Desemba. Wiki ya saba na ya nane huangukia Krismasi na Mwaka Mpya, wakati Wachaga kutoka kila pembe ya nchi wanarudi nyumbani, na migombani kuna nyama, mbege na wageni hadi usiku. Kupigana na msimu huo ni kazi bure. Wiki ya nane ni ya kupunguza kwa vyovyote, basi ipangwe iwe hiyo, na mazoezi ya wiki hiyo yawe ya kutembea kutoka kihamba kimoja kwenda kingine, ambako kwa milima ya Kibosho au Marangu si mazoezi madogo.

Cha pili ni mfungo. Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa hiyo Jumapili ya mwisho ya mwezi huo itakuwa ndani yake. Majengo ni mtaa wa Waislamu na Wakristo pamoja, na jambo hili linawagusa majirani wengi. Mazoezi mepesi wakati wa mfungo huwezekana kabla tu ya kufuturu, ili maji yanywewe mara baada ya kumaliza, au baada ya tarawehe. Kukimbia kilomita 21 juani bila maji ni jambo jingine kabisa, na ni la hatari. Aliyefunga achague mbio za mwezi mwingine. Siku hizi kalenda ya nchi ina mbio nyingi: Rock City Marathon ya Mwanza, mbio za hisani za Dar es Salaam na Dodoma, na nyinginezo.

Barabara na viatu

Kwa mkazi wa Majengo, mazoezi ya tambarare yapo upande wa kusini, na ya mpando yapo upande wa kaskazini. Njia za vumbi kandokando ya msitu wa Rau ni laini kwa magoti na zina kivuli. Ziendewe kwa kundi. Kwenye lami, mkimbiaji akimbie upande unaokabili magari, ili aone kinachokuja. Alfajiri hatari kubwa ni pikipiki isiyo na taa. Fulana nyeupe inaokoa maisha, na muziki wa masikioni uachwe nyumbani.

Raba si lazima ziwe mpya. Soko la Memorial na lile la Kiboriloni yana raba za mitumba ambazo zimevaliwa kidogo sana, na mtu mwenye jicho hupata nzuri. Ajaribu kuikunja: ikunjike sehemu ya vidole, isikunjike katikati. Abonyeze soli ya ndani kwa dole gumba. Ikiwa imekaza kama ubao, sponji yake imekufa. Aangalie kisigino kwa nyuma, na kikiwa kimelika upande mmoja airudishe, maana ni mwendo wa mwenyewe wa zamani uliobaki pale. Anunue alasiri, mguu ukiwa umetanuka, na abakize nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya vidole. Kwenye mteremko wa Mweka vidole hugonga mbele kwa kilomita kumi, na kiatu kinachobana hutoa kucha.

Asiyepaswa kukimbia kabla ya kupimwa

Mtu mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, mwenye presha, kisukari, uzito mkubwa, au ambaye ndugu yake wa karibu alifariki ghafla kwa moyo, amwone daktari kabla ya wiki ya kwanza. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, asijiingize bila ushauri wa kitabibu. Na yule aliyerithi selimundu upande mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, naye anahitaji ushauri, kwa kuwa mbio kali kwenye joto zinaweza kumdhuru. Mtu aliyetoka kuugua malaria au homa nyingine asubiri apone kabisa, kisha aongeze siku kadhaa.

Jambo moja lisemwe kwa sauti. Si wachache wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio ili wasisikie maumivu. Dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo, wakati ambapo jasho limekwisha kuupunguzia mwili maji. Figo za mtu mzima na mwenye afya zimewahi kushindwa kazi kwa sababu hiyo. Maumivu ya goti, ya ugoko au ya kisigino yanayobadilisha namna ya kutembea ni sababu ya kuacha mbio, wala si sababu ya kumeza kidonge.

Kwa ufupi: wiki 16, siku tatu kwa wiki, mwendo wa kuimba, mpando mara moja kwa wiki, na vipimo mapema kwa mwenye shaka.

Asubuhi ya mbio

Usiku wa kuamkia mbio usingizi huwa haba, na hilo halina madhara makubwa kama usiku wa juzi yake ulikuwa mzuri. Chakula cha jioni kiwe cha kawaida: wali, ugali au ndizi, mafuta kidogo, maharage machache tu. Asubuhi, saa mbili hivi kabla ya kuanza, chai yenye sukari na mkate au uji mwepesi hutosha. Kitu chochote kigeni kisijaribiwe siku hiyo, kiwe chakula, soksi au raba. Mafuta ya mgando hupakwa mapajani, kwapani na penye mshono wa nguo ili kuzuia michubuko.

Marathoni kamili huondoka kwanza, nusu marathoni hufuata. Mkimbiaji mpya asimame nyuma. Kilomita mbili za kwanza ndizo zinazoamua siku nzima: ngoma zinapigwa, watu wanashangilia, na kila mtu anajiona bingwa. Hapo ndipo mwendo uwe wa polepole kuliko anavyotaka. Kwenye mpando, hatua zifupishwe na macho yaangalie mita chache mbele. Kutembea kwenye sehemu kali ni hekima. Mara nyingi tofauti ya muda kati ya anayejikokota kwa kukimbia na anayetembea kwa nguvu ni ndogo, ila wa pili hufika juu akiwa na pumzi.

Kichomi, yale maumivu makali ya ubavuni, huja kwa walioanza haraka au waliokunywa kwa wingi kwa mara moja. Dawa yake ni kupunguza mwendo, kubonyeza mahali hapo na kutoa pumzi ndefu. Maji yanywewe kwa kiu, mafunda machache kwenye kila kituo. Anayekaa barabarani saa tatu na kunywa kila kikombe anachopewa anaweza kushusha chumvi ya damu yake mno. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, mtu huchanganyikiwa, na akidhaniwa ana kiu akaongezewa maji hali huwa mbaya zaidi. Soda, kipande cha chungwa au ndizi katikati ya njia hurudisha sukari kidogo.

Mteremko

Wengi wakishageuka hudhani kazi imekwisha. Kwa mapafu ni kweli, ila kwa mapaja ndiyo inaanza. Kwenye mteremko misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: hujikaza huku ikivutwa, na mvutano huo huchana nyuzi ndogo ndani yake. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Huanza siku ya pili na kufika kileleni kati ya saa 24 na 72, wakati mtu anashuka ngazi kinyumenyume. Anayefunga breki kwa kutupa kisigino mbele huumia zaidi. Hatua zinapaswa kuwa fupi na za haraka, mwili uinamie mbele kidogo, mikono ilegee. Somo hili hujifunzwa kwenye mazoezi, hivyo angalau mbio ndefu tatu kati ya zile za Januari na Februari ziishie kwa kushuka.

Baada ya mstari

Aliyemaliza asilale chini wala asikae ghafla. Atembee dakika kumi, damu irudi kutoka miguuni. Ndani ya saa moja au mbili ale chakula chenye wanga na protini. Mtori wa Kichaga, ndizi na nyama katika bakuli moja, unatimiza haja zote mbili, na mchuzi wake hurudisha chumvi na maji. Pombe isubiri hadi maji yarudi mwilini. Siku inayofuata mtu atembee taratibu, na kukimbia kuanze tena baada ya wiki moja, kwa dakika 20 za mwendo wa kuimba.

Malengelenge na kucha nyeusi hupona zenyewe zikiwekwa safi. Dalili nyingine hazisubiri. Mkimbiaji anayepata maumivu ya kifua, anayezimia, anayechanganyikiwa, au anayetoa mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea saa au siku chache baada ya mbio, apelekwe hospitali ya Mawenzi, KCMC au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo.